Barua ya Wazi kwa Wanaowatahini Wageni Kiswahili

Kwa walimu, watunga mitaala na watahini wa Kiswahili kwa wageni

Mwanafunzi wa lugha ya kigeni husoma kile anachojua kitaulizwa, na mwalimu wake, hata awe anapenda mazungumzo kiasi gani, mwishowe hufundisha hicho hicho. Ndivyo ilivyo katika lugha zote. Katika Kiswahili kwa wageni jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu karatasi ya mtihani iliyozoeleka bado imejaa ngeli: kanusha sentensi hizi, andika wingi wa "Kiti hiki kizuri kimevunjika", jaza viambishi vilivyoachwa. Anayepata alama zote katika karatasi hiyo amethibitisha jambo moja la maana, kwamba anaujua upatanisho wa kisarufi. Kama ataweza kumpigia simu mwenye nyumba na kumweleza kuwa maji yamekatika tangu juzi, karatasi haisemi. Barua hii inahusu namna ya kuifanya iseme.

Mazoea hayo yana asili yake. Kitabu cha Kiswahili cha Askofu Edward Steere cha mwaka 1870, na kile cha sarufi cha E. O. Ashton cha mwaka 1944 kilichotumika kwa miongo mingi baadaye, vilimpitisha msomaji ngeli baada ya ngeli. Haikuwa kosa. Mgeni kutoka Ulaya mara nyingi hakuwa amezoea lugha ambayo jina moja linaburuta kivumishi, kiwakilishi na kitenzi pamoja, na alihitaji ramani. Watumishi wa serikali ya kikoloni nao walitahiniwa Kiswahili ili waweze kuamuru, kusikiliza kesi na kusoma barua za maliwali. Hakuna aliyejali kama bwana shauri, mkuu wa wilaya wa enzi hizo, anajua kubembeleza bei au kumliwaza mfiwa. Wanafunzi wa leo wana shida nyingine kabisa: muuguzi wa kujitolea, mtafiti wa mazingira, kijana wa Marekani aliyezaliwa na wazazi kutoka Mombasa, mfanyabiashara wa Kampala.

Na idadi yao inapanda. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba shule zitaruhusiwa kukifundisha kama somo la hiari. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili mwaka 2021, na mwaka uliofuata baraza la mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sherehe zimekuwa nyingi. Mazungumzo kuhusu namna ya kumpima anayejifunza yamekuwa machache.

Wazo la kupima mawasiliano si geni katika isimu. Noam Chomsky alipotenganisha umilisi na utendaji mwaka 1965, umilisi alioukusudia ulikuwa wa sarufi. Dell Hymes, mwanaisimu aliyefanya kazi pia kama mwanaanthropolojia, alijibu katika makala iliyochapishwa mwaka 1972 kwamba mtoto anayejua sentensi zote sahihi za lugha yake bila kujua lini aseme, lini anyamaze, na nani aambiwe nini, angeonekana ana kasoro. Huo ndio umilisi wa mawasiliano. Michael Canale na Merrill Swain waliugawa mwaka 1980 katika sehemu tatu, na Canale akazifikisha nne mwaka 1983.

Sehemu hizo zinaonekana vizuri ndani ya Kiswahili chenyewe. Ya kwanza ni sarufi: "watoto wawili wamefika", si "mtoto wawili amefika". Ya pili ni ya kijamii. Mgeni anayemwambia mama mwenye nyumba "Nipe maji" hajavunja kanuni yoyote ya sarufi, lakini waliokaa sebuleni watatazamana. Ya tatu ni ufumaji wa maneno: kusimulia kwa "-ka-", kujua mahali pa "basi" na "kumbe", kumrejea mtu aliyekwisha tajwa bila kurudia jina lake kila mara. Ya nne ni mbinu za kujiokoa. Aliyesahau jina la kifaa akasema "kile cha kufungulia chupa" amewasiliana. Aliyenyamaza akatafuta neno kichwani mpaka msikilizaji akachoka, hakuwasiliana. Mtihani wa kujaza viambishi hupima sehemu ya kwanza tu, tena upande wake wa maandishi.

Zipo mizani zilizojaribu kupima sehemu zote nne kwa pamoja. Ya zamani zaidi ni ile ya taasisi ya mafunzo ya wanadiplomasia wa Marekani, iliyozaliwa katika miaka ya 1950 na kupanga wasemaji kuanzia 0 hadi 5. Kutoka hapo Baraza la Marekani la Ufundishaji wa Lugha za Kigeni, ACTFL, lilitoa miongozo yake mwaka 1986 kwa ajili ya vyuo na shule. Toleo la mwaka 2012 lina ngazi kuu tano. Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wake wa A1 hadi C2 mwaka 2001. Mizani hizi zina sifa moja ya thamani: hazihesabu makosa, zinaeleza msemaji anaweza kufanya nini. Anaweza kujitambulisha. Anaweza kueleza njia. Anaweza kusimulia jambo lililomharibikia na jinsi alivyolitengeneza. Anaweza kutetea maoni mbele ya watu wasiokubaliana naye.

Mahojiano ya ACTFL, yanayochukua hadi nusu saa, hufuata mpango unaoeleweka. Mtahini huanza na maneno mepesi ya kumtuliza mtahiniwa. Kisha humwuliza mambo anayoyamudu ili kupata sakafu yake, humpandishia ugumu hadi ashindwe ili kupata dari yake, halafu humrudisha kwenye mepesi asiondoke amevunjika moyo. Katikati huwa na igizo fupi. Ngazi inayodaiwa nayo ilingane na saa za darasani: taasisi ile ya wanadiplomasia inakadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji wiki 36, yaani zaidi ya saa 800 za darasani, ili akimudu Kiswahili cha kazi. Chuo chenye vipindi vitano vya saa moja kwa wiki katika mihula miwili ya wiki 15 kinampa mwanafunzi saa 150 kwa mwaka. Baada ya miaka miwili amefika kama theluthi ya safari, na mtihani unaomdai insha kuhusu utandawazi unamdai kitu ambacho hesabu hiyo haikitoi.

Tofauti kati ya kuhesabu makosa na kupima uwezo inaonekana wazi watahiniwa wawili wanapowekwa pamoja. Tuseme wote wameulizwa, "Jana ulifanya nini?" Wa kwanza anajibu: "Jana nilikwenda sokoni. Nilinunua nyanya na vitunguu. Nilirudi nyumbani. Nilipika." Hakuna kosa hata moja. Wa pili anajibu: "Jana nilienda soko, nikatafuta ile... nimesahau jina, ya rangi ya chungwa, sungura anapenda. Yule mama akasema mafungu mbili elfu moja. Nikamwambia, mama, punguza basi, mimi mwanafunzi. Akacheka, akaniongezea moja." Huyu amesema "soko" badala ya "sokoni", na "mafungu mbili" badala ya "mafungu mawili". Kalamu nyekundu itamkata.

Lakini aangaliwe alichofanya. Ameunganisha vitendo kwa "-ka-" bila kusita, akaleta maneno ya mtu mwingine ndani ya masimulizi, akazunguka neno alilolikosa hadi kila msikilizaji akajua ni karoti, na akatumia "basi" ya kubembeleza mahali pake hasa. Wa kwanza anaweza kuwa amekariri. Sentensi zake nne zinaweza kupangwa upya bila kuharibu chochote. Mtahini anayempa wa kwanza alama kubwa kuliko wa pili anawafundisha wote wawili kwamba usalama uko katika kusema machache. Wanafunzi hulielewa somo hilo upesi kuliko masomo mengine yote.

Mahojiano nayo yana upungufu wake. Leo van Lier alionyesha mwaka 1989 kwamba usaili wa aina hii unafanana na mazungumzo kwa sura tu: mmoja anauliza muda wote, mwingine anajibu, na mwenye kuuliza ndiye anayefungua na kufunga. Kwa Kiswahili pengo hilo ni kubwa zaidi, maana kufungua na kufunga mazungumzo ni nusu ya kazi. Anayeingia nyumbani kwa watu hupiga hodi, husubiri, huamkia, huuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto, naye huulizwa. Kisha ndipo shida iliyomleta inapotajwa, mara nyingi kwa kuizungukia. Mtahiniwa anayesubiri kuulizwa swali la kwanza hapewi nafasi ya kuonyesha lolote kati ya hayo. Dawa si ngumu. Mtahini akae kimya ndani ya chumba, na mtahiniwa abishe hodi. Awe na jambo la kuomba, na mtahini awe na sababu ya kukataa kwanza.

Hapa ndipo mizani za kuazima zinapopungukiwa. Mfumo wa Ulaya una sehemu ya adabu na mahusiano ya kijamii, na nyongeza yake ya mwaka 2020 imeacha kumlinganisha mwanafunzi na mzawa wa lugha, jambo la busara. Ila adabu ya Mswahili haikuwa mezani ulipoandikwa. Kazi ya kuiandika haiwezi kufanywa Strasbourg, makao ya Baraza la Ulaya; ni ya walioandikiwa barua hii. Vielezi vya ngazi vinavyohitajika ni vya namna hii. Ngazi ya chini: mwanafunzi anamwamkia mkubwa kwa shikamoo na mwenzake kwa salamu za rika, wala hachanganyi, anaomba kwa "naomba" pale ambapo lugha yake ya nyumbani ingetumia amri iliyopambwa. Ngazi ya kati: akikuta watu wanakula na kukaribishwa, anajua kukubali kidogo au kukataa bila kumvunjia heshima mwenyeji, anajua wa kumwita mama, dada, kaka, mzee, bosi. Ngazi ya juu: anakwenda kutoa pole msibani, anamkatalia mtu mzima bila neno la kukataa kutoka kinywani mwake, anatambua fumbo lililomlenga na kuamua kulijibu au kuliacha lipite.

Kipengele hicho cha kukataa kinastahili kupimwa peke yake. Mwanafunzi aliyetoka kwenye utamaduni wa kusema moja kwa moja hujibu ombi la mkopo kwa "Hapana, siwezi", na kwa sarufi yuko salama. Igizo linalofaa ni fupi: jirani mtu mzima anaomba kukopeshwa pesa, mtahiniwa hana nia ya kumkopesha, na kesho watakutana tena kisimani au kwenye lifti. Kinachosikilizwa ni kama anaweza kuanza na pole, akataja ada ya shule au mwisho wa mwezi ulio mbali, akaacha mlango wazi kwa "tutaangalia", na jirani akaondoka bila kununa. Wako watakaosema huko ni kufundisha wageni uongo. Jirani mwenyewe hadanganyiki. Amesikia jibu tangu sentensi ya kwanza.

Mbali na maigizo, saa na hesabu za kila siku ziingie kwenye sehemu ya usikilizaji. Tangazo la stendi ya Dar es Salaam likisema basi la Tanga linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtahiniwa aandike 6:30. Akiandika 12:30 basi litakuwa linakaribia Tanga.

Suala la Kiswahili kipi kikubaliwe huleta ubishi kila watahini wanapokutana, na mara nyingine hutumika kama kisingizio cha kutopima mazungumzo kabisa. Mwanafunzi aliyeishi bara nchini Kenya atasema "kwa duka". Aliyeishi Lubumbashi atasema "ku soko". Aliyejifunza Unguja atamshangaza mtahini wa Nairobi kwa msamiati wake. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ndicho kinachofundishwa na ndicho kinachopaswa kuandikwa. Katika kuzungumza, uamuzi wa haki ni huu: ngazi za chini na za kati msikilizaji akielewa bila kutaabika, lahaja isikatwe alama. Ngazi ya juu idai zaidi, yaani uwezo wa kuhama. Mwenye ngazi hiyo aweze kupatana nauli na bodaboda kwa lugha ya kijiweni, kisha asimame mbele ya mkutano wa wazazi na kusema Kiswahili cha mkutano. Asiyeweza kuhama, hata kama Kiswahili chake ni cha kitabu tupu, bado hajafika juu. Kanuni hiyo iandikwe na itangazwe kabla ya mtihani, isiachwe kwenye ladha ya mtahini wa siku hiyo.

Uzito wa alama ndio unaoamua kama haya yote yatafundishwa. Lugha nyingine zimekwisha jaribu njia mbalimbali, na matokeo yako wazi kwa anayetaka kuyaona. Mtihani wa Kifaransa wa DELF unagawa alama 100 sawasawa: 25 kusikiliza, 25 kusoma, 25 kuandika, 25 kuzungumza, anayepata chini ya 5 katika sehemu yoyote ameanguka, hata jumla yake ikipita 50. Mtihani mkuu wa Kijapani, JLPT, hauna sehemu ya kuzungumza. Mtu anaweza kupata cheti chake cha juu kabisa bila kutamka neno mbele ya mtahini. Wachina kwa muda mrefu walitenga: cheti cha kusoma, kusikiliza na kuandika kivyake, cha kuzungumza kivyake, na mwanafunzi asiyelazimishwa aliweza kuchukua cha kwanza akasahau cha pili. Kwa Kiswahili, lugha ambayo wageni wengi huitafuta ili waishi na watu, mfano wa DELF ndio unaofaa. Robo ya alama iwe ya kuzungumza, na robo hiyo iwe na kiwango cha chini kisichofidiwa na ngeli.

Alama zikigawanywa hivyo, darasa litabadilika bila semina nyingi. Mwalimu ataacha kuzungumza yeye dakika thelathini na tano kati ya arobaini. Atawapa wanafunzi wawili ratiba mbili za daladala zilizo na mapengo tofauti, kila mmoja akiwa na alichokikosa mwenzake, na kuwakataza kuonyeshana. Atasahihisha baadaye badala ya kumkatiza anayesimulia. Ngeli zitabaki, maana "kile" na "ile" vikichanganywa msikilizaji wa simu hajui kinachozungumzwa ni kitabu au barua. Ila zitafundishwa pale zinapohitajika kwa kazi iliyo mkononi. Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, lililowaleta watu wake wa kwanza Tanganyika mwaka 1961, limezoea kuwakalisha wanaojifunza kwenye familia za wenyeji wakati wa mafunzo, na kuwapima kwa mahojiano kabla ya kuwapeleka vituoni. Watu hao hutoka na ngeli zenye mapengo na Kiswahili kinachotumika. Chuo kina muda mrefu zaidi na kingeweza kutoa vyote viwili.

Pingamizi linalosikika zaidi ni wingi wa wanafunzi, na ni la kweli katika shule za Uganda au Rwanda kuliko katika vyuo vya Ulaya. Hesabu yake lakini haitishi kama inavyodhaniwa. Mitihani ya Kiingereza ya Cambridge huwaweka watahiniwa wawili wawili mbele ya watahini wawili: mmoja anaongoza mazungumzo, mwingine anaandika alama bila kusema kitu. Darasa la wanafunzi 40 lina jozi 20. Kila jozi ikipewa dakika 10 ni dakika 200, sawa na vipindi vitano vya dakika 40. Wiki moja kwa muhula inatosha, na wenzao wanaosubiri watafanya karatasi ya kusoma. Shule isiyo na mtahini wa pili irekodi kwa simu, na mwalimu wa shule jirani asikilize baadaye. Jozi zipangwe kwa kura, maana marafiki huja wamekariri igizo.

Kinachobaki ni uaminifu wa alama zenyewe, na hapo ndipo fedha na muda vinapohitajika hasa. Watahini wawili wakisikia sauti ile ile, mmoja akatoa 12 na mwingine 20, kuzungumza kutarudishwa nje ya mtihani na waliokuwa wakikupinga watakuwa na haki. Kabla ya kila msimu watahini wakae pamoja wasikilize sauti kumi au zaidi za miaka iliyopita, za ngazi zote, watoe alama kila mtu kivyake, kisha wabishane hadi wakaribiane. Vyuo vya Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na vile vya ng'ambo vinavyofundisha Kiswahili vinaweza kuchangia sauti hizo katika hazina moja, majina yakiwa yameondolewa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iko mahali pazuri pa kuitunza. Alama zitolewe kwa vipengele vinne: kueleweka, ufumaji wa maneno, adabu na kufaa kwa hadhira, na usahihi wa sarufi, adabu isipewe alama ndogo kuliko sarufi. Watahini wakitofautiana kwa zaidi ya alama tatu kati ya 25, sauti ipelekwe kwa wa tatu. Mtahiniwa aelezwe mapema kwamba anarekodiwa. Asiyeridhia atahiniwe mbele ya watahini watatu bila kinasa sauti. Rekodi nyingine zote zitunzwe angalau hadi muda wa rufaa upite, na anayekata rufaa apewe nafasi ya kusikiliza alichosema.